Matembezi, masharubu, siku ya kupima au kiti cha kinyozi: uchague shughuli ipi kwa ajili ya saratani ya tezi dume?

Karibu kila kamati niliyokaa nayo kuandaa shughuli ya saratani ya tezi dume ilianza na rangi ya fulana. Samawati nyepesi, kwa kuwa ndiyo rangi ya utepe wa ugonjwa huu. Kisha tarehe, vipaza sauti, mahema, maji ya kunywa. Swali lililostahili kutangulia lilikuja watu wameshasimama kuagana: hivi tunatafuta fedha, au tunatafuta wanaume wajue na wachukue hatua?

Ukiweza, lijibu kabla hujaendelea kusoma. Shughuli nne ninazozilinganisha hapa, yaani matembezi au mbio, mwezi wa masharubu, siku ya kupima, na mazungumzo kwa vinyozi, zinaachana hapo hapo. Inayojaza mfuko wa michango mara nyingi siyo inayomfikia mwanamume aliye hatarini. Niliwahi kutaka vyote kwa siku moja. Tuliambulia fedha kidogo na wasikilizaji wachache.

Na huyo aliye hatarini anajulikana. Umri wake ni miaka 50 na kuendelea, baba yake au kaka yake aliwahi kuugua, au ana asili ya Kiafrika. Nchini Uingereza mwanamume 1 kati ya 8 hugundulika na ugonjwa huu katika maisha yake, lakini kwa wanaume weusi ni 1 kati ya 4. Duniani kote, mwaka 2022 waligundulika wanaume karibu milioni 1.5, na wapatao 397,000 walifariki. Tume iliyoundwa na jarida la kitabibu la Lancet ilikadiria mwaka 2024 kwamba wagonjwa wapya watafika milioni 2.9 kwa mwaka ifikapo 2040. Kwa hiyo kila ninapoipima shughuli huwa ninamfikiria baba mmoja wa miaka 56 ambaye kaka yake alishatibiwa. Shughuli ikiisha, asubuhi yake atafanya nini?

Matembezi au mbio, na mwezi wa masharubu

Hizi mbili ni za fedha kwanza, elimu baadaye. Zinatofautiana katika gharama ya kuanza na katika aina ya watu wanaojitokeza.

Matembezi yana uzito wake. Unahitaji kibali cha barabara, bima, gari la wagonjwa, watu wa kusimama kwenye makutano, na mtu wa kuhesabu walioondoka ili ajue nani hajarudi. Fedha huingia kwa njia tatu: ada ya usajili, wadhamini, na ahadi ambazo kila mshiriki anakusanya kwa jamaa na wenzake kazini. Hiyo ya tatu ndiyo yenye nguvu, na ndiyo inayosahauliwa. Kamati nyingi humaliza nguvu zote kumsaka mdhamini mkubwa, huku washiriki 200 wakilipa ada tu na kuja kutembea, wala hakuna aliyewaambia wamwendee hata jirani. Mshiriki aombwe ahadi siku ile ile anapojisajili, apewe karatasi au kiungo cha kutuma kwenye simu, na akumbushwe mara mbili kabla ya siku yenyewe.

Ila matembezi yana kitu ambacho shughuli nyingine hazina: yanawapa wafiwa mahali pa kupeleka miguu yao. Nakumbuka mama aliyekuja na picha ya mumewe ameibandika mgongoni kwa pini nne, na kila aliyekuwa nyuma yake alitembea kilomita tano akiangaliana na yule marehemu. Alichangisha kuliko mtu yeyote siku hiyo. Hakuna hotuba iliyomkaribia.

Mfano mkubwa ni wa Jeff Stelling, mtangazaji wa soka wa Uingereza, ambaye mwaka 2016 alitembea umbali wa marathoni 10 kwa siku 10, kutoka Hartlepool hadi uwanja wa Wembley, kwa ajili ya shirika la Prostate Cancer UK. Njia yake ilipita kwenye viwanja vya klabu, kwa hiyo mashabiki, wengi wao wanaume wa umri ule ule tunaoutafuta, walimkuta mlangoni pao bila kulazimika kwenda kwenye mkutano wa afya. Mtu asiye na jina kubwa anaweza kuiga njia, hata kama hawezi kuuiga umaarufu. Pitisha matembezi yako mahali wanaume wa makamo walipo tayari: uwanja wa mpira, stendi, soko, karakana. Matembezi yanayozunguka bustani tulivu saa kumi na mbili asubuhi yanawakuta wanaokimbia kila siku, na hao kwa kawaida hawahitaji kubembelezwa waende kliniki.

Mwezi wa masharubu hauhitaji hata hema. Ulianza mwaka 2003 mjini Melbourne, Australia, wanaume 30 walipokubaliana kufuga masharubu kwa mwezi mmoja. Mwaka uliofuata waliunganisha mchezo huo na kuchangia utafiti wa saratani ya tezi dume, na leo Movember ni shirika linaloendesha kampeni yake kila Novemba katika nchi nyingi. Kinachofanya kazi pale ni kwamba tangazo limebandikwa usoni. Mwanamume aliyenyoa kila siku kwa miaka kumi akiingia ofisini na kivuli juu ya mdomo, ataulizwa tu, na akiulizwa ana siku 30 za kujibu. Matembezi yanakupa asubuhi moja.

Udhaifu wake ni huu. Kwanza, wanaofuga kwa furaha zaidi ni vijana, na kijana wa miaka 27 hayumo kwenye kundi letu. Dawa yake ni kubadili ujumbe: mwambie kijana asichangishe tu, bali ampigie baba yake simu aulize kama katika ukoo kuna aliyewahi kuugua tezi dume, au mama na shangazi waliougua saratani ya matiti au ya ovari, maana baadhi ya jeni zenye hitilafu, hasa BRCA2, hupitia pande zote mbili za familia. Swali hilo moja lina faida kuliko masharubu yote ya ofisi. Pili, Movember sasa inahudumia pia saratani ya korodani na afya ya akili ya wanaume pamoja na kuzuia kujiua. Hata ile changamoto yake ya kutembea kilomita 60 kwa mwezi ni kwa kumbukumbu ya wanaume 60 wanaopotea kila saa duniani kwa kujiua. Ni kazi njema mno. Lakini kama umewaambia watu kuwa fedha zao zinakwenda kwenye tezi dume, hakikisha zinakwenda huko, na uandike hivyo kwenye risiti.

Kati ya hizi mbili, kamati mpya isiyo na akiba ninaishauri ianze na masharubu. Ukikosea, hujapoteza amana ya uwanja. Matembezi yafanye mwaka wa pili, ukishakuwa na orodha ya watu waliochanga mara ya kwanza.

Kuhusu chakula cha jioni cha hisani, mnada na mechi za maveterani, sina mengi. Vinafaa mahali penye watu wachache wenye uwezo mkubwa, na mweka hazina anayejua kukataa matumizi. Gharama za ukumbi zikishapita theluthi ya mapato, mimi ningeahirisha.

Siku ya kupima, na kiti cha kinyozi

Hapa ndipo nataka ukae na mimi kidogo, kwa sababu hapa ndipo nia njema inapoweza kuumiza.

Siku ya kupima inavutia kuliko zote. Unaweka meza, muuguzi anatoa damu kidogo kwa ajili ya kipimo cha PSA, foleni inajaa, wapiga picha wanapata picha. Inaonekana kama kazi imefanyika. Lakini kipimo cha PSA hakisemi una saratani au huna. Kinapima protini inayotengenezwa na tezi yenyewe, na protini hiyo hupanda kwa sababu nyingi: maambukizi ya njia ya mkojo, tezi kukua tu kwa umri, kumwaga shahawa ndani ya saa 48 zilizopita, hata kuendesha baiskeli kwa nguvu ndani ya muda huo huo. Niliwahi kuona ratiba iliyopangwa hivi: asubuhi msafara wa baiskeli, mchana washiriki wote wapimwe PSA bure pale pale walipomalizia. Hakuna aliyekuwa na nia mbaya. Ilibidi tu mtu mmoja aulize swali, na hakuwepo.

Huduma ya afya ya Uingereza huwaambia wanaume wazi: takriban 3 kati ya 4 wenye PSA ya juu hawana saratani, na 1 kati ya 7 mwenye PSA ya kawaida anaweza kuwa nayo. Mtu anapaswa kuyasikia hayo kabla ya sindano. Baada ya sindano, awe ameketi peke yake au amezungukwa na watu, yeye husikia neno moja tu.

Je, kupima mara moja kunaokoa maisha? Lipo jibu. Utafiti wa CAP wa Uingereza, uliohusu zaidi ya wanaume 400,000 wa miaka 50 hadi 69, ulilinganisha walioalikwa kupimwa PSA mara moja tu na wasioalikwa. Baada ya miaka 15, waliofariki kwa saratani hii walikuwa asilimia 0.69 upande mmoja na 0.78 upande wa pili, yaani tofauti ya watu 9 katika kila 10,000. Utafiti mwingine, ERSPC wa nchi kadhaa za Ulaya, uliwaita wanaume tena na tena, wengi wao kila baada ya miaka michache. Baada ya miaka 23 vifo vilikuwa pungufu kwa asilimia 13, kifo kimoja kikizuiwa kwa kila wanaume 456 walioalikwa. Ukiziweka takwimu hizo mbili mezani pamoja, kamati inapata swali lake: je, mtarudi? Hema linalokuja mara moja na kung'olewa jioni liko karibu zaidi na CAP. Kama hamna uwezo wa kurudi, au wa kumkabidhi kila mmoja kwa kliniki itakayomwita tena, ushauri wangu ni msipime.

Tatizo la pili ni njia ya baada ya jibu. PSA ikiwa juu, hurudiwa. Ikibaki juu, mtu hupelekwa kwa daktari wa mfumo wa mkojo, mara nyingi kwa picha ya MRI, kisha pengine kuchukuliwa vipande vidogo vya nyama ya tezi. Na hata saratani ikionekana, nyingine hukua polepole kiasi kwamba kinachofaa ni kufuatiliwa kwa karibu bila upasuaji wala mionzi. Haya yote yana gharama, foleni na hofu. Ndiyo maana jopo la Marekani linalotoa miongozo ya kinga lilisema mwaka 2018 kwamba wanaume wa miaka 55 hadi 69 waamue wenyewe baada ya kuzungumza na daktari, na kuanzia miaka 70 wasipimwe kama utaratibu wa kawaida. Mpangaji wa hema anayempima kila anayepita, kuanzia kijana hadi babu wa miaka 82, hajamsaidia babu huyo.

Kisha faragha. Katika siku moja ya kupima, mhudumu aliyechoka alisimama na karatasi akaita jina, halafu kwa sauti ile ile akaongeza, "Wewe yako iko juu, subiri daktari." Foleni nzima iligeuka. Yule mzee alichukua kofia yake kwenye kiti, akaivaa taratibu, akatoka upande wa pili wa hema. Tulimtafuta wiki mbili. Baadhi ya mashirika ya hisani Uingereza hayatoi majibu uwanjani kabisa: barua hutumwa baadaye, yenye alama ya kijani, kaharabu au nyekundu na maelezo ya hatua inayofuata. Kama lazima mpime, igeni hilo. Jibu liende kwa mtu mmoja, liandikwe, na liwe na jina na simu ya muuguzi atakayepokea maswali.

Sasa kinyozi. Hapa hupati fedha, au unapata chache mno hazistahili kuhesabiwa. Unachopata ni mwanamume aliyekaa, asiye na pa kwenda kwa dakika ishirini, mbele ya mtu anayemwamini na wembe shingoni. Nilikaa kwenye benchi la saluni moja siku tuliyokuwa na nesi pale. Baba mmoja, shuka limefungwa shingoni, alinyamaza hadi kinyozi alipofika nyuma ya sikio. Ndipo akauliza kuhusu nguvu za kiume baada ya matibabu. Hakumuuliza nesi wala kinyozi, alikiuliza kioo. Nesi naye akakijibu kioo. Walizungumza hivyo hadi kichwa kikaisha, na hawakutazamana hata mara moja. Meza ya hema isingelipata swali lile.

Kuna ushahidi wa jinsi ya kuifanya vizuri, japo ulikuwa wa shinikizo la damu. Huko Los Angeles watafiti walichukua saluni 52 za vinyozi na wateja weusi 319 wenye shinikizo. Kundi moja, kinyozi alimhimiza mteja aende kwa daktari. Kundi la pili, mfamasia mwenye mafunzo alifika saluni mwenyewe, akatibu pale pale na akarudi. Baada ya miezi sita, namba ya juu ya shinikizo ilishuka wastani wa 27 katika kundi la pili, na 9.3 katika la kwanza. Matokeo yalichapishwa mwaka 2018. Mimi nayasoma hivi: kinyozi akiachiwa kazi ya kuhimiza tu, kitu kidogo hutokea, mhudumu wa afya akifika na akarudi tena, hutokea kikubwa. Kwa hiyo usimpe kinyozi rundo la vipeperushi na kuondoka. Mpangie nesi, au mzee aliyekwisha kutibiwa, siku inayojulikana kila mwezi.

Na ujumbe utakaobandikwa ukutani uwe sahihi. Mabango mengi yanaonyesha mwanamume anayeamka usiku kukojoa mara tano. Dalili hizo kwa kawaida zinatokana na tezi kukua tu, na saratani ikiwa bado changa mara nyingi haina dalili yoyote. Mwaka 2022 watafiti wa Chuo Kikuu cha Cambridge waliandika kwamba kuziegemea dalili za mkojo kunaweza kuwapa wanaume matumaini ya uongo, wakasubiri dalili ambazo hazitakuja. Mjomba wangu alikuwa anajisifu kwamba analala hadi alfajiri bila kuamka. Maumivu ya kwanza aliyoyapata yalikuwa ya kiuno, na saratani ilikuwa imeshafika kwenye mfupa. Ndiyo maana nikikuta bango la choo, naomba ruhusa niliondoe. Liandike umri, ukoo na asili, halafu swali moja: umeshazungumza na daktari kuhusu hatari yako?

Nyumba za ibada zinafanya kazi kwa namna iliyo karibu na ya kinyozi, na nguvu yake kubwa ni shuhuda. Askofu mkuu Desmond Tutu alipogundulika mwaka 1997 na Nelson Mandela mwaka 2001, hawakuficha. Mtu wa heshima akisema hadharani "mimi nilitibiwa, na haya ndiyo yaliyonipata," pamoja na kuvuja mkojo na shida ya chumbani, aibu hupungua kwa wote waliokaa. Ila mwombe asiiruke hiyo sehemu ya pili. Akiiruka, wasikilizaji wanajua.

Ningechagua vipi

Kama mna hospitali au kliniki iliyokubali kwa maandishi kupokea kila mwenye jibu la juu, na mnaweza kurudi mwakani, siku ya kupima inastahili, ila iwe kwa miadi, kwa rika linalohusika, na mazungumzo yatangulie sindano. Hilo sharti likikosekana, nendeni kwa vinyozi. Siwezi kulilegeza hili.

Kama lengo ni fedha, kwa mfano kugharamia nauli za wagonjwa wanaokwenda kwenye mionzi au kuchangia utafiti, fanyeni masharubu mwaka huu na matembezi mwakani. Tangazeni mapema fedha zinakwenda wapi, kisha mrudi kuonyesha zilikokwenda, kwa tarakimu. Chris Hoy, bingwa wa Olimpiki wa baiskeli aliyetangaza mwaka 2024 kwamba ugonjwa wake hautapona, alianzisha msafara wa baiskeli mjini Glasgow mwaka 2025 na kuuita Tour de 4, kwa ajili ya watu wanaoishi na saratani hatua ya nne. Jina lenyewe linamwambia mchangiaji anamsaidia nani. Shughuli nyingi za jamii zinaitwa "siku ya uhamasishaji", na mtu hajui anahamasishwa afanye nini.

Kama mnataka vyote viwili, viachanisheni kwa tarehe. Fedha zichangwe Novemba wakati dunia inazungumzia masharubu, au Septemba, mwezi wa saratani ya tezi dume Marekani na katika nchi nyingine nyingi. Vinyozi waendelee mwaka mzima, na gharama zao zitoke kwenye kilichochangwa. Hazitakuwa kubwa: posho ya nesi, karatasi chache, muda.

Na ukienda kuzungumza na kinyozi kwa mara ya kwanza, nenda Jumanne au Jumatano asubuhi, kabla foleni haijaanza. Kaa kwenye kiti, nyolewa, lipa kama mteja mwingine yeyote. Ombi lako lizungumze akiwa bado ana mashine mkononi, na umuulize yeye wateja wake wa umri wa zaidi ya miaka 50 huja siku gani. Anaijua siku hiyo bila kuangalia daftari, na ndiyo siku ya kumpeleka nesi.